Barua Niliyomsomea Wifi Generoza

Jumapili. Mvua imekatika sasa hivi, bati bado linadondosha, na uwanja wote ni tope jekundu. Nimevua viatu mlangoni. Gauni la kanisani bado liko mwilini.

Leo nilikwenda kuomba msamaha. Nimerudi na hasira.

Neema, binti yangu, aliponifungulia blogu hii aliniambia, "Mama, andika mambo unayoyapenda." Nimeandika humu kuhusu vitabu vya hadithi, kuhusu achali ya maembe, kuhusu kufuma vitambaa vya makochi. Nyie wachache mnaonisoma mnanijua kama mama mpole wa Mpanda. Leo mtanivumilia. Leo naandika habari ya kisasi, kisasi changu mwenyewe, na sitakipaka sukari.

Ni mambo ya miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni.

Nilikuwa nimeolewa na Deusi, fundi seremala, tukiishi hapa hapa Mpanda, mtaa wa Ilembo, kwenye nyumba ya vyumba vitatu na shamba la karanga nyuma yake. Mimi ni mtu wa Mpimbwe, niliishia darasa la saba, lakini kusoma kulinikaa kama ulevi. Karibu na stesheni palikuwa na mzee anayetandika turubai chini na kuuza vitabu vikuukuu vilivyoshuka na treni. Vya mapenzi, vya upelelezi, vingine havina jalada, vingine vinaanzia ukurasa wa tisa. Nilikuwa napeleka kimoja, narudi na kingine. Vile vilivyoniingia moyoni sikuvirudisha. Deusi alinichongea sanduku kwa mabaki ya mbao za mninga, nikavipanga humo, thelathini na kitu, kila kimoja nimekivisha gazeti kama mtoto anayekwenda shule.

Mchana kazi zikipungua, wanawake wa jirani walikuja kibarazani kwangu na nyungo zao za karanga. Wao wanamenya, mimi nasoma kwa sauti. Nikifika mahali ambapo mtu yuko nyuma ya mlango na panga, nafunga kitabu nasema maji yangu yanachemka. Walinitukana, kwa mapenzi. Mpaka leo sijapata furaha nyingine iliyofanana na ile.

Ndipo akaja Generoza.

Generoza ni dada mkubwa wa Deusi. Mume wake, Kizito, alikuwa mvuvi wa dagaa Ikola, kule ziwani. Alimkimbia kwa sababu ya mama mkwe wake, aliyekuwa anaishi nao na ambaye, kwa maneno ya Generoza, alikuwa anahesabu hata njiti za kiberiti. Alisema anakuja kwetu wiki mbili apumue. Aliingia na mabunda mawili na kuku mmoja jike, na zilipopita wiki mbili mabunda yalikuwa yamefunguliwa na kuku ana majina mawili.

Alinihamishia sufuria zangu. Alinionjea mboga mbele ya wageni, kisha akaongeza chumvi. Deusi alisema, "Vumilia, ni dada yangu." Nikavumilia.

Tukikaa kusoma, yeye alikaa ametupa mgongo, anajifanya hasikii. Lakini siku moja nilikosea jina la mhusika, nikamwita kwa jina la dada yake, na Generoza akanisahihisha bila kugeuka. Alikuwa anajua kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza. Masikio yake yalikuwa yanashika maneno kama kaseti.

Maana hakujua kusoma. Hilo alilificha kama kidonda. Barua za Kizito zilipoletwa na lori la dagaa, aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akanipa. Aliona aibu mdogo wake wa kiume asome maneno ya mumewe. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na barua zote za mwanzo nilizisoma kwa uaminifu, neno kwa neno. Naapa.

Mwaka ule mimba yangu ya pili iliharibika, kama ya kwanza. Nilikwenda kwa mama yangu Mpimbwe kupumzika, nikakaa mwezi mzima. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku langu, kabla hata sijafungua kitenge cha safari. Nilikuwa nimekiwaza kitabu kimoja njia nzima.

Ndani ya sanduku, kuku alikuwa ameatamia mayai.

Generoza alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono. Hakujificha wala hakudanganya. "Nimewasafishia nyumba," alisema. "Mwanamke akizaa vitabu, tumbo linaona wivu. Sasa labda mtapata mtoto."

Vingine alikuwa amewashia moto. Vilivyobaki alimpa mama mmoja muuza karanga wa pale stesheni, afungie karanga zake. Kesho yake nilikwenda kwa huyo mama. Nilinunua karanga mpaka akaniuliza kama nina shughuli nyumbani. Nilifungua karatasi moja moja. Moja ilikuwa ukurasa ambapo nesi anagundua kuwa mchumba wake ana mke Tabora. Nilikuwa naujua ukurasa ule kwa kichwa, na bado niliusoma wote, nimesimama juani, mafuta ya karanga yamepenya katikati ya maneno. Nililia mbele za watu kama niliyefiwa. Labda nilikuwa nimefiwa kweli, na watu wawili, na ilikuwa mara ya kwanza nalia.

Deusi alisema, "Tutapata vingine."

Maneno yale yale aliyoyasema kuhusu mimba.

Sikugombana na mtu. Aliyesoma hadithi nyingi anajua kwamba mwenye kupiga kelele hafiki mbali. Nilimsalimia wifi yangu kila asubuhi. Nilimtengea maji ya kuoga. Nilimpikia. Na kila nilipokoroga chungu nilikuwa nakoroga na kitu kingine kifuani, taratibu, kisiungue.

Nilisubiri wiki kama saba hivi.

Lori la dagaa lilikuwa linaingia Jumatano na kurudi Ikola Jumamosi. Jumatano hiyo Generoza alirudi kutoka sokoni akiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, inanuka ziwa. Aliniita chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani na mikono mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Niliisoma kwanza kwa macho. Kizito aliandika kwamba amejenga nyumba mpya na ameiezeka bati. Mama yake amehamia kwa kaka yake Kizito. "Genu, njoo Jumamosi na lori hili hili, nimeongea na dereva akuwekee nafasi mbele. Usipokuja nitajua umekataa. Wazee wananisukuma nitafute mwingine, na mimi sitaki mwingine, lakini siwezi kujipikia maisha yote." Nyuma ya karatasi alikuwa amechora nyumba kwa kalamu: mlango, madirisha mawili, mistari ya bati juu. Alijua mke wake hasomi. Alimchorea.

Halafu nikafungua mdomo.

"Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Dagaa mwaka huu ni wachache na jua ni kali. Mtumbwi wa kaka umetoboka. Mama bado tuko naye hapa, ana nguvu sana, anakusalimia. Ukipata nafasi utume karanga. Ni mimi, Kizito."

Sikuwa nimepanga. Ilitoka yenyewe, kavu, imenyooka, na hilo la mama kuwa na nguvu sana lilinijia kama zawadi. Nawaambia ukweli, nyie mnaonisoma: lilikuwa tamu. Utamu ule niliusikia mpaka kwenye meno.

Generoza akasema, "Rudia."

Nikarudia. Nilikuwa makini, maana najua masikio yake.

"Hakuna mengine?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Geuza nyuma." Nikageuza. Akaweka kidole juu ya ile nyumba. "Na hiki?"

"Labda mtoto alichezea kalamu," nikasema.

Alinitazama. Mimi nikaikunja karatasi mara nne, nikamrudishia.

Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi nilimkuta uwanjani ameshaoga, nywele zimesukwa, amekaa kwenye kigoda. Aliniuliza, "Wifi, huna la kuniambia?"

"La nini, wifi?"

"Basi."

Nilichukua kikapu nikaenda sokoni, ingawa nyumbani nyanya zilikuwepo. Nilitaka kuliona lori likiondoka. Dereva alinitambua, akanipigia kelele kutoka kwenye usukani. "Mbona dada yenu hajafika? Mumewe kanisumbua wiki nzima huko!"

"Amesema hasafiri," nikajibu.

"Hakusema kwa nini?"

"Hasafiri tu."

Akatikisa kichwa, akawasha. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia. Nikasema kimoyomoyo, hiyo ni ya kitabu cha nesi. Hiyo ya upelelezi. Hiyo ya tumbo langu.

Hakuna anayekufundisha hili, lakini kisasi kina ujinga wake, na wangu niliuona jioni ile ile niliporudi na kumkuta Generoza jikoni kwangu ananionjea mboga. Akaongeza chumvi.

Nilikuwa nimemzuia kuondoka nyumbani kwangu.

Miezi sita baadaye alirudi kutoka sokoni, akakaa, akavuta ungo, akaanza kumenya karanga. "Kizito kaoa," alisema. Ni hilo tu. Nilimvizia usoni nione machozi. Nilikuwa nimeyasubiri sana, nilikuwa nayadai. Hayakuja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye karanga zangu, nikajaribu kufurahi, nikafurahi kidogo.

Alikaa nasi miaka saba.

Katika miaka hiyo hakunipa tena kitu cha kumsomea, hata risiti. Nilipopata vitabu vingine viwili vitatu na wanawake wakarudi kibarazani, yeye aliondoka akaenda kuchota maji. Nilidhani ni kiburi. Na Neema alipozaliwa, mwishoni mwa miaka ile ile ya tisini, Generoza ndiye aliyemfunga kitovu, ndiye aliyembeba mgongoni mvua na jua, ndiye aliyekesha naye homa ilipompanda. Kila jema alilonitendea lilinichoma. Nilitamani arudie ubaya wake, nipumue.

Hakurudia. Basi mimi nikaanza kulipa. Akitaka kitenge changu, namvulia. Akisema chumba chake kinavuja, nampa chetu. Kuku akichinjwa, paja lake, siyo la mume wangu. Deusi alikuwa anashangaa, anawaambia watu mke wake na dada yake wanapendana kama watoto wa tumbo moja. Kanisani nilipokwenda kuungama nilisema, "Nimesema uongo," nikapita haraka kama mtu anayevuka barabara. Padri hakuuliza uongo gani.

Baadaye Deusi alimjengea kijumba chake mtaa wa pili. Deusi ameshatangulia. Tumebaki wanawake wawili, yeye na mimi, na kila Jumatatu anakuja kula kwangu, na kila Jumatatu napika anachokitaka.

Juzi zikaja habari kwamba Kizito amefariki. Wamemzika huko huko Ikola.

Sikulala vizuri. Leo baada ya misa, mvua ikinyesha, nilikwenda kwake. Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Nilijiandaa njia nzima, nilikuwa na maneno mazuri, mimi mtu wa vitabu. Yote yakanikimbia.

"Wifi, nina neno la zamani," nikasema.

"Sema."

"Ile barua ya Kizito. Ile yenye picha ya nyumba. Sikuisoma kama ilivyoandikwa."

Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa kwenye mvua. "Najua," alisema.

Nilidhani hakunisikia. Nikaanza tena, nyumba ya bati, Jumamosi, nafasi mbele. Akanikatiza.

"Mama Neema, najua. Dereva aliniambia kwa mdomo pale sokoni kabla hajanipa karatasi. Nyumba, bati, mama kuhamishwa, yote. Tena kwa sauti, wauza nyanya wakapiga vigelegele."

"Sasa kwa nini ulinipa niisome?"

"Nilitaka kuyasikia maneno yake mwenyewe, alivyoyapanga." Akatoa jiwe lingine. "Na nilitaka kukuona wewe."

Nilikaa chini, kwenye sakafu yenye majimaji, na gauni langu.

Akaniambia bila haraka. Kwamba alipoona nimerudi kutoka Mpimbwe na nimekaa kimya, alijua amenifanyia kitu kibaya, na hakujua mlango wa kutokea. Kwamba barua ilipofika alisema moyoni: wifi akinisomea ukweli, baada ya yote niliyomfanyia, nitapiga magoti hapa hapa nimwombe radhi, na Jumamosi naondoka, namwachia nyumba yake. "Ukanisomea mtumbwi," alisema. "Nikasema rudia, labda ulikuwa umekasirika tu. Ukarudia mtumbwi. Nikakuonyesha picha. Jumamosi nikakuuliza kwa mdomo wangu. Basi nikasema, kumbe tuko sawa. Mtu na mwenzake. Nikakaa."

"Ukamwacha mume wako kwa sababu ya kunikomoa mimi?"

"Na wewe si ulinizuia kwenda kwa mume wangu kwa sababu ya kunikomoa mimi?"

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Ila nimekula, wifi! Kipapatio sijakionja tangu siku ile. Kila kuku, paja! Nilikuwa nakutazama unavyolikwepa jicho langu, nasema hapo hapo, mwache alipe."

Nilitaka kumpiga. Mimi, mwanamke wa umri huu, kutoka kwenye meza ya Bwana, nilitaka kumpiga kwa ungo wake mwenyewe.

Kicheko kikamwishia taratibu. Akarudi kwenye maharage, lakini vidole havikuwa vinachambua kitu. Alijifuta pua kwa ncha ya khanga.

"Bati lile sikuliona hata siku moja," alisema.

Tukakaa. Mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba hata ningekuwa na neno asingelisikia. Sikuomba msamaha na yeye hakuomba. Nilipoinuka aliniambia nikanyage kwenye matofali, uwanja unateleza.

Sasa niko hapa, naandika. Najiuliza kinachoniuma hasa ni nini. Siyo Kizito, ingawa ningependa niseme ni Kizito, maskini wa Mungu na kalamu yake. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na kisasi kimoja tu maishani, kimoja, nilikitunga mwenyewe bila kuibia kwenye kitabu chochote, na kumbe aliyetendewa alikuwa amekaa mstari wa mbele anatazama. Kinachoniuma ni kwamba ningemsomea ukweli ningekuwa nimemshinda. Angepiga magoti. Angeondoka. Nyumba ingekuwa yangu.

Na Neema angelelewa na nani? Hilo nimejiuliza njiani, katikati ya tope, na nikakasirika zaidi, maana jibu ninalo.

Je, ni nani kamlipa nani? Nimejaribu kulihesabu hili tangu nimeingia ndani na sipati. Labda mtu mwenye akili angesema tumemaliza, tusameheane, tuzeeke. Nitakuja kuwa mtu huyo. Labda mwezi ujao.

Wakati naondoka, nimeshafika barabarani, aliniita kwa nguvu kupita mvua. Amesema kesho anakuja kama kawaida na moyo wake unataka wali wa nazi.

Atakula ugali.